Sala Inayopita Mkononi

Najua wengine mmetoka jumuiya sasa hivi, chai bado ya moto, na watoto wanazungukazunguka hapo redio ilipo. Waacheni wakae. Mazungumzo ya leo yanawahusu wao.

Nazungumza nikiwa mtu wa Kigongo, upande huu wa Misungwi, ambako kwa miaka mingi barabara ilikuwa ikifika majini inakoma. Ukitaka kwenda Busisi, na kutoka huko Sengerema au Geita, unapanga foleni unangoja kivuko. Kuna siku unangoja saa moja, kuna siku saa mbili na zaidi. Mimi sala zangu nilijifunzia katika foleni ile. Mama alikuwa akienda Sengerema kwa dada yake, ananiketisha juu ya furushi, jua linawaka, wauza mayai ya kuchemsha wanapita, naye ananiambia, "Haya, Salamu Maria. Mimi nusu, wewe nusu." Tunapokezana hivyo hadi kivuko kinapiga honi. Sikujua kusoma wala kuandika. Sala nilizipokea kwa sikio, na mama naye alizipokea kwa sikio.

Sasa daraja lipo. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipolizindua tarehe 19 Juni 2025, zile kilomita tatu za maji tunazivuka kwa dakika chache. Ukianza fungu moja la rozari Kigongo, unafika Busisi hujalimaliza. Siililii foleni hata kidogo. Mtu anayesema siku zile zilikuwa nzuri hajawahi kungoja kivuko usiku akiwa na mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Ila zile saa za kukaa na mtoto bila la kufanya, ambazo zilikuwa shule ya sala bila mtu kuipanga, zimekwenda. Nyumbani nako kuna simu, kuna masomo ya ziada, kuna uchovu wetu sisi wazazi. Mtoto anafika kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza na sala nusunusu, na katekista ni mmoja, watoto arobaini wamemkalia chini ya mwembe.

Nimeshika chaki darasa la kwanza kwa miaka mingi, hadi nikastaafu. Ninalo ombi kwenu wazazi, walezi na makatekista: sala ambayo mtoto anaisema, mpeni penseli aiandike.

Nieleze nilivyofika hapo. Mjukuu wangu ana miaka minane, na anasali vizuri, kwa sauti, bila kusita. Jioni moja umeme umekatika, tumekaa na taa ya sola, nikamwambia aniandikie Salamu Maria. Akaandika haraka akanipa daftari. Mstari wa kwanza nikasoma "umeja", kisha "nema". Nikamuuliza, "Umeja ni nini?" Akanyamaza. "Na nema?" Akasema, "Bibi, si ndilo jina lake? Maria Umejanema." Alidhani ni jina la ukoo, kama vile kuna Maria fulani mtaa wa pili na huyu mwingine wa kanisani. Miaka mitatu mtoto anamsalimu Mama wa Mungu kwa jina ambalo halipo, nami nimekaa hapo hapo pembeni namsifu kwamba anajua sala.

Niliumia, nawaambia kweli. Nikamsogeza karibu na taa. Nikamwonyesha kwamba kujaa kuna a mbili, ukiondoa moja neno linakufa. Nikamuuliza, "Mtumbwi uliojaa dagaa ukoje?" Akasema, "Hauna pa kuweka kingine." Nikamwambia, basi ndivyo alivyo huyu tunayemsalimu, na kilichomjaa ni neema, e mbili. Akafuta kwa raba, akaandika upya, ulimi umetoka nje kidogo kama watoto wanavyofanya wakikaza. Siku iliyofuata aliposali, alipofika kwenye neno lile alipunguza mwendo. Hakuna aliyemwambia apunguze.

Kwa sikio mtoto anapokea sala nzima kwa mkupuo, na akishaishika anaitoa hivyo hivyo kwa mkupuo, tena kwa mbio, ili afike Amina akacheze. Mkono hauna mbio hizo. Mkono wa mtoto wa miaka saba unaandika herufi moja, unapumzika, unaandika nyingine. Anapofika mwisho wa neno amelitazama kuliko alivyowahi kulitazama, na wewe mzazi uliyeketi naye umeona alichokuwa akikisema siku zote. Hilo la pili ndilo ninalolithamini zaidi. Daftari linatufichulia sisi wakubwa. Mtoto akitamka, sikio letu linamsahihisha bila sisi kujua, kwa sababu tunasikia sala tunayoijua, hatumsikii yeye.

Chukueni neno moja lililo mwishoni mwa Baba Yetu yetu sisi Wakatoliki: utuopoe. Wasikilizeni watoto, na wakubwa pia, wengi husema utuokoe. Maana haipotei, Mungu anaelewa. Lakini mjukuu wangu alipoandika k, nikamwambia hapana, ni p, akashangaa. "Kuopoa si kule kwa maji, Bibi?" Ndiyo, kule kwa maji. Mtoto wa ziwani hahitaji kamusi kwa neno hilo. Anajua ndoo inayozama kisimani inaopolewa. Anajua nyavu zinaopolewa. Na kwetu huku, Mungu atuhurumie, neno hilo lina uzito mwingine. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na watu wa rika langu tunakumbuka siku za kuopoa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, na siku mbili baadaye, Jumamosi, wapiga mbizi wakamtoa fundi mitambo wake akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Aliopolewa. Nilimsimulia mjukuu wangu habari hiyo, daftari liko wazi mbele yetu. Akaniuliza kama yule fundi alikuwa akisali mle gizani. Nikamwambia sijui mwanangu, mimi ningesali. Akarudi kwenye mstari wake akaandika p, akaikaza mpaka karatasi ikaonyesha alama upande wa pili.

Sikupanga somo hilo. Lilitoka kwenye herufi moja.

Sasa nitoke kidogo kwa mjukuu wangu, maana jambo hili lina mizizi mirefu katika ardhi hii hii tunayoikanyaga. Mapadre Weupe, shirika alilolianzisha Kardinali Lavigerie mwaka 1868, waliondoka Bagamoyo Juni 1878, wakatembea karibu nusu mwaka, wakafika Kageye, kule Magu, mwishoni mwa mwaka huo. Wengine wakavuka ziwa hadi Buganda mwaka 1879. Novemba 1882 mambo yakawa magumu, wakaondoka Buganda wakarudi upande huu wa kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni Bukumbi. Bukumbi, jirani zetu hapa! Ukitoka Kigongo kwenda Usagara umepita mlangoni pake. Tangu walipoondoka hadi katikati ya mwaka 1885 Buganda haikuwa na padre Mkatoliki hata mmoja.

Na huko Buganda nyuma yao, je? Wale waliokuwa wamejifunza, akina Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba, waliendelea kufundishana. Mapadre waliporudi Julai 1885 walikuta waumini wameongezeka. Baadhi ya hao ndio waliokufa mashahidi miezi michache baadaye na mwaka uliofuata, na Oktoba 1964 Kanisa likawatangaza watakatifu. Mimi kila nikipita Bukumbi nawaza mapadre wale wameketi huku, maji yote haya katikati, hawajui kama walichokipanda kipo au kimekufa. Kilikuwepo, kwa sababu kilikuwa vichwani mwa watu na midomoni mwao.

Watu wa Buganda waliwaita Wakristo hao abasomi, yaani wasomaji. Nasi huku hadi leo tunasema mtu "anasoma dini". Kardinali Lavigerie aliagiza mtu asibatizwe mpaka amefundishwa miaka minne, na katika miaka hiyo herufi na sala vilikwenda pamoja. Wazee wetu wengi herufi ya kwanza waliyoijua waliijulia kwa katekista. Wengine mkono ukawakolea. Kule Ukerewe, Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896 na kusomeshwa na wamisionari, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kisa kirefu cha Myombekere na Bugonoka, kisha akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka kitabuni karibu na kifo chake mwaka 1981. Sisemi kila mtoto anayenakili Salamu Maria atakuwa Kitereza. Nasema tu kwamba kuandika huku kwetu hakukuja na mgeni wa jana.

Na ndugu zetu Waislamu wanalijua jambo hili kabla yetu. Katika vyuo vya pwani, kwa vizazi na vizazi, mtoto aliandikiwa aya juu ya ubao, akazisoma kwa sauti, akazihifadhi, ubao ukaoshwa, zikaandikwa nyingine. Sauti na mkono na jicho pamoja. Nilipokuwa nafundisha nilikuwa na watoto waliotoka madrasa asubuhi, na mara nyingi ndio waliojua kukaa na kazi moja mpaka iishe.

Hata wataalamu wa siku hizi wanatuunga mkono. Mwanzoni mwa 2024 watafiti wa chuo kikuu cha Trondheim, Norwe, walitangaza kwamba waliwavisha vijana 36 vifaa vya kupima ubongo, wakaona kwamba mtu anapoandika kwa mkono sehemu nyingi zaidi za ubongo hufanya kazi kwa kushirikiana kuliko anapobonyeza herufi kwenye kibodi. Nashukuru kwa utafiti huo. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza angewaambia hivyo bure.

Tuje kwenye namna ya kulifanya. Kiswahili kimeturahisishia sana. Mtoto wa darasa la kwanza, katika zile KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, anaanza na a, e, i, o, u, anakwenda kwenye silabi, ba, be, bi, bo, bu. Sasa angalieni. Neno la kwanza la sala aliyotufundisha Bwana mwenyewe ni ba na ba. Neno la mwisho ni a, mi, na. Yesu ni ye na su. Maria ni ma, ri, a. Mtoto aliyefundishwa silabi mwezi mmoja tayari anaweza kuandika mwanzo na mwisho wa sala, na majina mawili makubwa ya Salamu Maria. Anzeni na hayo. Hata daftari halihitajiki. Hapa ziwani mchanga umejaa. Mtoto aandike kwa kidole ufukweni, "Baba", mawimbi yafute, aandike tena. Shuleni tuliwaandikisha hewani kwanza, kisha mchangani, kisha ubaoni, ndipo daftari. Njia ni hiyo hiyo.

Akishafika kwenye daftari, mzazi aandike mstari wa juu kwa hati safi, mtoto aufuate chini yake. Kama mwandiko wako mzazi si mzuri, muombe mwalimu au kaka yake mkubwa, hakuna aibu. Kabla hajaandika neno, alitamke. Akimaliza mstari, ausome wote kwa sauti. Mstari mmoja kwa siku unatosha kabisa, na sala moja iende wiki mbili, hata tatu. Mkimaliza Ishara ya Msalaba mnaingia Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe, na zile sala za Imani, Matumaini, Mapendo na Kutubu zije baadaye, maana sentensi zake ni ndefu na mkono mdogo huchoka. Kanuni ya Imani msiiguse mpaka mtoto afike darasa la tatu au la nne. Nimeona watu wakiwakimbiza watoto huko mapema, mtoto anaishia kuchukia.

Herufi kubwa zina mafunzo yake. Mjukuu wangu aliniuliza kwa nini "Baba" wa kwenye sala ana B kubwa hata akitajwa katikati ya mstari, na baba yake yeye tunamwandika kwa b ndogo. Nikampa jibu. Siku ya pili nikakuta pembeni mwa ukurasa ameandika jina la baba yake, limeanza na herufi kubwa, akaniambia, "Huyu naye ana jina." Sawa kabisa, nikamwachia. Akaja kugundua mwenyewe pia kwamba lile neno la kutukuza lililo katika Baba Yetu ndilo hilo hilo linaloanza Atukuzwe. Alipiga mstari chini ya yote mawili. Amezisema sala hizo mbili, moja baada ya nyingine, tangu ana miaka minne, na hakuwahi kulisikia.

Kwa watoto wanaotumia mkono wa kushoto, nawaomba, waacheni. Atafanya ishara ya msalaba kwa wa kulia kama desturi ilivyo, na ataandika kwa wa kushoto, na Mungu atasoma.

Jambo ninalowasihi kwa nguvu zote ni hili: sala isiwe adhabu. Mimi nikiwa darasa la nne, katika shule ambayo sitaitaja, nilichelewa mstarini, nikaambiwa niandike Sala ya Kutubu mara hamsini. Niliiandika. Kufika mara ya ishirini nilikuwa naandika neno la kwanza kwenda chini mistari yote, kisha la pili kwenda chini, ili niende haraka. Vidole viliuma. Sikutubu chochote. Kwa miaka mingi baadaye, nikipiga magoti kwa maungamo na kuianza sala ile, nilikuwa nasikia maumivu ya kidole gumba kabla sijasikia huruma ya Mungu. Nimeitumia nusu ya utu uzima wangu kuipokea upya sala hiyo. Mzazi, mwalimu, katekista, mtoto akikosea mpe kazi nyingine, afagie, achote maji. Daftari la sala lisiguswe na hasira.

Wala halichukui nafasi ya kuimba na kusali kwa sauti. Msukuma bila wimbo atajifunza nini? Watoto wa Utoto Mtakatifu, shirika lile lililoanza Ufaransa mwaka 1843 kwa ombi dogo kwamba kila mtoto asali Salamu Maria moja kwa siku kwa ajili ya watoto wenzake, bado waimbe, bado wavae sare zao na kuongoza rozari jumuiyani. Akiongoza mtoto aliyeiandika sala kwa mkono wake, mtasikia tofauti.

Nimalizie na lililotokea kwangu juzi. Mama yangu, yule wa kwenye furushi na foleni, yu hai bado, macho ndiyo yamekwenda. Alisoma dini zamani, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na sala zake za moyoni ni za Kisukuma. Nyumbani kwangu hakuna kitabu chenye sala zile. Mimi mwenyewe nazijua nusu. Mjukuu wangu alipomaliza ukurasa wake akasema, "Bibi, na za bibi mkuu nani ameziandika?" Hakuna aliyeziandika, nikamwambia. Akachukua penseli akaenda kuketi naye kwenye mkeka.

Mama akaanza kusali. Mtoto akamwambia, polepole, neno moja moja. Mama akajaribu, akashindwa. Anaijua sala yote kwa mkupuo. Ukimsimamisha katikati, haoni linalofuata. Kila mtoto alipomkatiza, alirudi mwanzoni kabisa, ishara ya msalaba na yote, akaja nayo mpaka pale walipoachia, mtoto akadaka neno moja zaidi, akaandika. Wakasimama. Mama akarudi tena mwanzoni. Kwa saa nzima waliandika mistari mitatu. Mama hutamka "Malia", kwa l, na mtoto akaniangalia kama aandike r. Nikatikisa kichwa, nikamwambia andika anavyosema yeye.

Mstari wa nne walikuwa hawajaufikia. Mama akavuta pumzi, akapeleka mkono kwenye paji la uso, akaanza upya, na kitukuu chake anamngoja, penseli iko juu ya karatasi.